Kwa nini Mirihi ni baridi na Zuhura ni tanuri, ilhali zote mbili zimejaa hewa ukaa?

Kila mjadala wa mabadiliko ya tabianchi unapopamba moto, kuna hoja mbili ambazo hazikosi kuletwa mezani, na zote mbili zinatoka nje ya Dunia. Msemaji wa kwanza husema: itazameni sayari ya Zuhura, angahewa yake ni karibu hewa ukaa tupu na ardhi yake ina joto la kuyeyusha risasi. Msemaji wa pili humjibu: basi itazameni na Mirihi, nayo angahewa yake ni karibu hewa ukaa tupu, lakini huko ni baridi kuliko ndani ya jokofu la barafu. Kila mmoja huondoka akiamini amemfunga mdomo mwenzake.

La ajabu ni kwamba takwimu za wote wawili ni sahihi. Angahewa ya Zuhura ina hewa ukaa kwa zaidi ya asilimia 96, na wastani wa joto la ardhi yake ni nyuzi 464 za Selsiasi. Angahewa ya Mirihi ina hewa ukaa kwa asilimia 95 hivi, na wastani wa joto lake ni karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Dunia yetu, iliyoko katikati ya hizo mbili, ina hewa ukaa kwa asilimia 0.04 tu, na wastani wake ni nyuzi 15. Mtu anayezipanga namba hizo katika mstari mmoja ana haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu haziendi juu wala chini kwa mpangilio wowote unaoeleweka.

Kinachomchanganya ni asilimia zenyewe. Asilimia hutueleza jinsi gesi fulani inavyogawana nafasi na gesi nyingine. Haituelezi iko kiasi gani hasa, wala imebanwa namna gani, wala joto la sayari linatorokea angani kutoka urefu gani. Swali hilo la mwisho, la urefu, halitajwi sana katika mijadala, lakini ndilo linaloweza kulifungua fundo hili lote. Tutalifikia baada ya kuelewana juu ya maneno machache.

Maneno ya kuanzia

Angahewa ni tabaka la gesi linaloizunguka sayari na kushikiliwa na mvutano wake. Hewa ukaa, ambayo wanakemia huiita dioksidi ya kaboni, ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni iliyoshikana na atomi mbili za oksijeni. Ni gesi ileile tunayoitoa tunapopumua, ileile inayotoka kitu chenye kaboni kinapoungua, na ileile ambayo mimea huitumia kujitengenezea chakula. Haina rangi na, kwa kiwango kilichomo hewani, haina harufu.

Mionzi ya joto ni nishati inayotolewa na kila kitu chenye joto, hata kama hakiwaki. Ukisimama jioni karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, utahisi joto likikufikia usoni bila kuugusa ukuta wenyewe. Mionzi hiyo inatoka ukutani, ila macho hayawezi kuiona. Wanafizikia huiita mionzi ya infraredi. Ardhi na bahari hufanya vivyo hivyo usiku na mchana, na hiyo ndiyo njia pekee yenye maana ambayo sayari huitumia kupoza mwili wake, kwa kuwa angani hakuna upepo wa kuipuliza wala maji ya kuioshea.

Gesijoto ni gesi inayouacha mwanga wa Jua upite karibu bila kizuizi, lakini huinasa mionzi ya joto inayotaka kutoka. Nitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja hufanya asilimia 99 ya hewa kavu ya Dunia, hazimo katika kundi hilo. Molekuli zake zimeundwa kwa atomi mbili zinazofanana, na mionzi ya infraredi huzipita kana kwamba hazipo. Hewa ukaa, mvuke wa maji na methani zina molekuli zenye atomi tatu au zaidi, zinazoweza kujipinda na kutikisika kwa mwendo unaolingana na ule wa mionzi. Ndiyo maana huimeza, zikapata joto, na baadaye kuitoa tena kuelekea pande zote, zikiwemo juu na chini.

Haya hayakugunduliwa juzi, wala hayakutokana na mijadala ya kisiasa ya siku hizi. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo juani, akaona kwamba mtungi wa hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine na ukachelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye mwanafizikia John Tyndall, aliyekuwa akifanya kazi London, alianza kupima moja kwa moja jinsi gesi zinavyoinasa mionzi ya joto, akabainisha kwamba nitrojeni na oksijeni huiachia ipite huku mvuke wa maji na hewa ukaa vikiizuia.

Pipa lenye tundu

Chukua pipa lenye tundu upande wa chini, kisha ulifungulie bomba juu yake. Maji yataanza kupanda, na kadiri yanavyopanda ndivyo uzito wake unavyoyasukuma kwa nguvu kupitia tunduni, hadi kitafika kina ambapo yanayotoka ni sawasawa na yanayoingia. Hapo kina kitatulia. Sasa ziba sehemu ya tundu bila kugusa bomba. Kwa muda maji yanayotoka yatapungua, kina kitapanda tena, na kitaendelea kupanda mpaka msukumo mpya utoshe kutoa maji yale yale ya mwanzo kupitia tundu dogo zaidi.

Bomba ni Jua, tundu ni mionzi inayotorokea angani, na kina cha maji ni joto la sayari. Mfano huu unaondoa dhana mbili potofu kwa pigo moja. Gesijoto haitengenezi joto, kama vile kuziba tundu kusivyotengeneza maji; joto lote linatoka juani. Tena gesijoto haifungii joto ndani milele, kwa sababu hatimaye yanayotoka hulingana na yanayoingia. Kinachobadilika ni kina ambacho usawa huo unapatikana. (Mfano wa nyumba ya kioo ya kuoteshea miche, ambao umezoeleka zaidi, mimi huukwepa: nyumba ile hupata joto hasa kwa kuizuia hewa ya ndani isipande na kuondoka, jambo ambalo hewa ukaa hailifanyi.)

Kwa kujua mwanga wa Jua unaoifikia Dunia na kiasi kinachoakisiwa na mawingu, barafu na mchanga, tunaweza kukokotoa joto ambalo Dunia ingehitaji kuwa nalo ili kutoa nishati sawa na inayopokea. Jibu ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Na setilaiti zinazoitazama Dunia kutoka mbali zinathibitisha hivyo: kwa jumla, mionzi inayotoka Duniani ni ya mwili wenye joto hilohilo. Lakini sisi huku chini tunaishi katika wastani wa nyuzi 15. Tofauti ni nyuzi 33. Iweje sayari ionekane na baridi hiyo kutoka nje, na ndani yake mito itiririke?

Paa la joto

Jibu ni kwamba setilaiti haioni ardhi. Katika sehemu kubwa ya mawimbi ya infraredi, hewa yetu ni kama ukungu: mionzi inayotoka ardhini humezwa baada ya kwenda mbali kidogo, hutolewa tena, humezwa tena, na safari huendelea hivyo hatua kwa hatua kuelekea juu. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, mpaka tunafika urefu ambapo gesijoto iliyobaki juu yetu haitoshi tena kuizuia mionzi isiende zake. Hapo ndipo joto linapotoroka. Nitapaita paa la joto, ingawa kwa kweli si mstari mmoja ulionyooka. Kila wimbi lina paa lake, na tunazungumzia wastani.

Duniani wastani wa paa hilo uko kiasi cha kilomita 5 juu yetu, na huko joto ni nyuzi 18 chini ya sifuri, kama hesabu inavyotaka. Kutoka hapo kushuka, hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6.5 katika kila kilomita, jambo analolijua kila aliyewahi kupanda mlima. Hewa inayopanda hutanuka na kupoa, inayoshuka hubanwa na kupata joto. Zidisha kilomita 5 kwa nyuzi 6.5, unapata nyuzi 33 kasoro kidogo, na fumbo la tofauti ile limekwisha.

Basi kanuni ni hii. Mwanga ambao sayari imeumeza unaamua joto la paani. Gesijoto inaamua paa liko juu kiasi gani. Na umbali kutoka paani hadi ardhini ndio unaoamua tutapata joto kiasi gani huku chini. Tukiibeba kanuni hii mkononi, tunaweza kwenda kwa majirani zetu wawili.

Zuhura: si ukaribu, wala si mgandamizo peke yake

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa kuhusu Zuhura ni kwamba ina joto kwa sababu iko karibu na Jua. Ni kweli iko karibu: kilomita milioni 108 kutoka juani, wakati sisi tuko kilomita milioni 150, na hivyo mwanga unaoifikia ni karibu mara mbili ya wetu. Lakini Zuhura imefunikwa pande zote na mawingu meupe ya asidi ya sulfuriki yanayorudisha angani kiasi cha robo tatu ya mwanga huo. Ukitoa hesabu, Zuhura humeza nishati pungufu kuliko Dunia katika kila mita ya mraba. Kama ukaribu ungekuwa ndio sababu, basi Zebaki, iliyo karibu zaidi na Jua na isiyokuwa na angahewa ya maana, ingekuwa na joto kuishinda. Kumbe mchana wake hufikia nyuzi 430 na usiku wake hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura haina tofauti hiyo. Usiku wake, ambao huchukua karibu siku 58 za Duniani, una joto karibu sawa na mchana.

Kwa mwanga inaoumeza, paa la joto la Zuhura linapaswa kuwa na takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, na hivyo ndivyo linavyoonekana. Tofauti ni mahali lilipo. Hewa ukaa ya Zuhura, ikisaidiwa na mawingu na chembe za mvuke wa maji na dioksidi ya salfa, ni nzito kiasi kwamba mionzi haipati upenyo mpaka ifike kiasi cha kilomita 65 juu ya ardhi. Kutoka huko hadi chini, joto huongezeka kwa karibu nyuzi 8 kila kilomita. Kilomita 65 kwa nyuzi 8 ni zaidi ya nyuzi 500. Anzia nyuzi 40 chini ya sifuri, uongeze nyuzi 500 na ushei, na utajikuta umefika kwenye tanuri la nyuzi 464.

Mwanaastronomia Rupert Wildt alidokeza tangu mwaka 1940 kwamba hewa ukaa huenda inaifanya ardhi ya Zuhura kuwa na joto kali, wakati ambapo wengi bado walikuwa wakiwazia misitu na bahari chini ya mawingu yale. Chombo cha Mariner 2 kilipopita karibu na sayari hiyo Desemba 1962, vipimo vyake viliunga mkono joto hilo. Desemba 1970 chombo cha Kisovyeti, Venera 7, kilitua na kutuma ishara kutoka ardhini. Venera 13, kilichotua mwaka 1982, kilijitahidi kwa dakika 127 kabla ya kunyamaza, na hiyo ni rekodi ya kujivunia katika mazingira yale.

Kuna wanaokubali yote hayo kisha wakasema: sababu si hewa ukaa, ni mgandamizo. Angahewa ya Zuhura inakandamiza ardhi kwa nguvu mara 92 ya angahewa yetu, na kila mtu anajua kwamba gesi ikibanwa hupata joto. Hoja hii ina mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli. Pampu ya baiskeli hupata moto wakati unapojaza upepo. Lakini liache gurudumu lile mpaka asubuhi: upepo bado umebanwa vilevile, na gurudumu limepoa. Kilicholeta joto ni kile kitendo cha kubana, yaani kazi ya mkono wako, na kazi hiyo ilikoma. Angahewa ya Zuhura ilibanwa zamani sana. Kama hakuna kinachozuia joto lisitoke, lingeshatoka.

Fikiria Zuhura nyingine yenye mgandamizo huohuo, lakini iliyojaa gesi isiyonasa mionzi ya joto hata kidogo. Mionzi ya ardhini ingekwenda moja kwa moja angani, paa la joto lingekuwa ni ardhi yenyewe, na ardhi ingelazimika kukaa kwenye joto linalolingana na mwanga iliyoumeza. Mgandamizo una kazi yake: ndio unaoweka ngazi ya joto kati ya paa na sakafu. Lakini ngazi haisaidii kitu kama hakuna paa la kuiegemeza.

Mirihi, na wavu wenye matundu

Sasa tufike kwa Mirihi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu tamu zaidi ya habari hii na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi. Maelezo ya kawaida husema kwamba angahewa ya Mirihi ni nyembamba, haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, kwa hiyo asilimia 95 ya kitu kidogo ni kidogo. Maelezo hayo yanaridhisha, lakini tukiyapima kwa mizani hayasimami.

Tuchukue mita moja ya mraba ya ardhi, tupime hewa ukaa yote iliyo juu yake hadi mwisho wa angahewa. Duniani tutapata zaidi kidogo ya kilo 6. Zuhura tutapata takriban kilo milioni moja, yaani tani elfu nzima. Na Mirihi? Tutapata kilo 150 hivi. Mirihi, pamoja na wembamba wa hewa yake, ina hewa ukaa zaidi ya mara 20 kuliko Dunia juu ya kila mita ya mraba. Hata hivyo gesijoto huipandishia Mirihi joto kwa nyuzi 5 hivi tu, na Dunia kwa nyuzi 33. Anayetaka kuitumia Mirihi kama ushahidi kwamba hewa ukaa haina nguvu angepaswa kuanzia hapa, si kwenye asilimia. Na anayemjibu kwa kusema tu kwamba hewa ya Mirihi ni kidogo hajamjibu.

Jibu la kweli lina sehemu kadhaa. Ya kwanza ni nyepesi: Mirihi iko kilomita milioni 228 kutoka juani na hupata mwanga usiofikia nusu ya wetu, kwa hiyo hata bila mjadala wa gesi ingekuwa baridi kuliko Dunia.

Ya pili inahitaji tuitazame hewa ukaa kwa karibu. Gesi hii hainasi mionzi yote ya joto. Hunasa mafungu fulani tu ya mawimbi, hasa yale yaliyo karibu na urefu wa maikromita 15, na hata ndani ya fungu hilo kazi hufanywa na maelfu ya mistari myembamba yenye nafasi kati yake. Ni wavu, si ukuta. Sasa ukichukua nyavu 20 zilizofumwa sawasawa, ukazipanga zikalingana tundu kwa tundu, samaki mdogo aliyepita katika wavu wa kwanza atapita katika zote 20. Hivyo ndivyo ilivyo Mirihi: kuna gesi nyingi, lakini yote inaziba mistari ileile ambayo tayari imezibwa, na mionzi inayopita kati ya mistari huendelea na safari yake.

Mgandamizo ndio unaobadilisha wavu. Hewa inapokuwa nzito, molekuli hugongana mara nyingi mno, na migongano hiyo huuvuruga mtikisiko wake kiasi kwamba kila mstari hupanuka. Ni kana kwamba nyuzi za wavu zimevimba na matundu yamesinyaa. Duniani, molekuli za hewa ukaa zinasukumwasukumwa na nitrojeni na oksijeni zilizojaa kote. Gesi hizo mbili, ambazo tulisema hazinasi chochote, zinamsaidia mwenzao kunasa. Zuhura, kwa mgandamizo wa mara 92, mistari imepanuka hata kuingiliana, na matundu mengi yamezibika kabisa. Hapa ndipo wale wa hoja ya mgandamizo wanapostahili kupewa haki yao, ila kwa sababu tofauti na waliyoitoa.

Sehemu ya tatu ni maji. Duniani, matundu ambayo hewa ukaa huyaacha wazi kwa kiasi kikubwa huzibwa na mvuke wa maji, wenye wavu wa mfumo mwingine. Mirihi ni kavu, haina msaidizi wa kumwita. Matokeo yake paa lake la joto linakaribia kugusa sakafu. Baridi ya huko hufikia hatua ambayo hewa yenyewe hushindwa kuvumilia: katika majira ya baridi kwenye ncha za sayari, joto hushuka chini ya nyuzi 120 hasi, na hewa ukaa huganda na kujilaza ardhini kama theluji. Kiasi cha robo ya angahewa nzima huanguka hivyo kila mwaka wa Mirihi na kupanda tena majira yanapobadilika.

Kurudi nyumbani: kidogo kinachotosha

Baada ya safari hiyo, asilimia 0.04 ya Dunia haipaswi kututisha wala kutuchekesha. Tone la wino katika ndoo ya maji safi ni sehemu ndogo mno ya ndoo, lakini rangi yote ya maji ni kazi ya tone hilo, kwa kuwa maji mengine yote hayana rangi ya kutoa. Kwa mionzi ya joto, nitrojeni na oksijeni ni maji safi. Ukiyatoa, kinachobaki ni mvuke wa maji, mawingu, hewa ukaa na gesi chache nyingine, na katika familia hiyo hewa ukaa si mtoto mdogo: takriban moja ya tano ya kazi yote ya kunasa joto ni yake.

Mvuke wa maji ndio wenye fungu kubwa zaidi, na wapo wanaosema kwamba hilo linaondoa lawama kwa hewa ukaa. Wanasahau tabia ya mvuke. Ukizidi hewani hugeuka mvua ndani ya siku chache, na hewa ikipoa kiasi cha mvuke inachoweza kubeba hupungua. Kwa hiyo hauwezi kuanza safari wenyewe. Unalifuata joto lililoletwa na mwingine. Hewa ukaa haigandi katika joto la Dunia, hukaa, huinua joto kidogo, na kwa kila nyuzi moja hewa hupata uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvuke huo nao huongeza joto. Mmoja ni dereva, mwingine ni abiria mzito.

Hoja ngumu kuliko zote ilitolewa mwaka 1900 na Msweden Knut Ångström, miaka minne baada ya mwenzake Svante Arrhenius kukokotoa kwamba kuongezeka kwa hewa ukaa kungepandisha joto la Dunia. Ångström alipima, akaona kwamba hewa ukaa iliyopo tayari inameza karibu mionzi yote inayoweza kuimeza. Kuongeza nyingine, alihitimisha, ni kupaka rangi nyeusi juu ya ukuta mweusi. Kwa miongo kadhaa wengi waliamini kwamba mjadala umefungwa, na hata leo hoja hiyo husikika ikitolewa kama jambo jipya.

Kosa lake linaonekana wazi ukikumbuka paa. Swali si kama mionzi inayotoka ardhini inamezwa, kwa sababu hiyo ilishamezwa tangu zamani. Swali ni kutoka wapi mionzi ya mwisho inatoroka. Huko juu hewa ni nyembamba na wavu bado una matundu. Ongeza hewa ukaa, na tabaka lililokuwa likipitisha mionzi sasa linaizuia, kwa hiyo paa linapanda. Mahali papya pa paa ni pa baridi zaidi, panatoa mionzi kidogo kuliko inayoingia, na sayari nzima inalazimika kupata joto mpaka huko juu napo pafikie nyuzi zinazotakiwa. Kuzidisha hewa ukaa mara mbili hulipandisha paa kwa mita 150 hadi 200 hivi. Kwa nyuzi 6.5 kila kilomita, hiyo ni zaidi kidogo ya nyuzi moja. Mvuke wa maji, barafu inayoyeyuka na mawingu vikiingia, makadirio ya wanasayansi yanafika kati ya nyuzi 2.5 na 4. Vilevile ni kweli kwamba kila ongezeko lina nguvu kidogo kuliko lililotangulia: kutoka sehemu 280 hadi 560 za hewa ukaa kwa kila sehemu milioni za hewa kuna athari sawa na kutoka 560 hadi 1,120. Kabla ya zama za viwanda tulikuwa na sehemu 280. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuzipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zaidi kidogo ya 310. Sasa zimepita 420.

Upo ushahidi mmoja ambao napenda kuutaja kila ninapoulizwa kama si Jua ndilo lililoongeza nguvu. Kama bomba lingefunguliwa zaidi, angahewa yote ingepata joto, juu na chini. Hewa ukaa inafanya jambo tofauti: chini inazuia joto, lakini juu kabisa, kwenye tabaka la stratosfera ambako hakuna kingi cha kuizuia, inaisaidia hewa kutoa mionzi na kupoa. Wanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1967, na vipimo vya setilaiti na maputo ya hali ya hewa vimeonyesha hivyohivyo: chini kunapata joto huku stratosfera ikipoa. Manabe alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.

Ilikokwenda hewa ukaa yetu

Je, Dunia inaweza kuwa Zuhura? Kwa kuchoma makaa na mafuta yote yaliyopo, hapana. Kaboni iliyomo humo haikaribii hata kidogo tani elfu moja kwa kila mita ya mraba. Lakini linaloshangaza ni kwamba Dunia ina kaboni ya kutosha. Ukikusanya yote iliyofungwa katika mawe ya chokaa na mawe mengine ya jamii hiyo, ukaigeuza gesi, utapata hewa ukaa inayokaribiana na ile ya Zuhura. Hatukuzaliwa maskini wa gesi hii; tuliizika.

Mzikaji alikuwa maji. Mvua huyeyusha hewa ukaa kidogo ikawa asidi hafifu, asidi hiyo huyala mawe polepole, mito hubeba mabaki hadi baharini, na huko viumbe wenye magamba huyafanya chokaa inayotulia sakafuni. Volkano huirudisha sehemu ya kaboni hiyo hewani, na mzunguko unaendelea. Zuhura ilipoteza mzikaji huyo. Chombo kilichopima angahewa yake mwaka 1978 kilikuta uwiano wa hidrojeni nzito kwa ile ya kawaida ni zaidi ya mara 100 ya ule wa Duniani, dalili kwamba zamani ilikuwa na maji mengi zaidi, yakavunjwa na mionzi ya Jua, na hidrojeni nyepesi ikatoroka. Bila maji, kila hewa ukaa iliyotoka volkano ilibaki juu.

Mzunguko huo wa mawe bado unafanya kazi hapa Duniani, na hewa ukaa tunayoitoa leo hatimaye itapitia humo. Mwendo wake tu ndio haulingani na wetu. Volkano, ambazo mawe yamezoea kwenda nazo sambamba, hutoa kwa mwaka kiasi cha asilimia 1 au pungufu ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na mawe yenyewe, ili kumaliza kuzika ziada iliyokwishaingia hewani, yanahitaji miaka laki kadhaa.